Nilimsugua Mfalme kwa Majivu

Jamani, leo aibu imenifuata hadi Beni na kunikuta nimevaa kitenge kipya. Sitaki salamu. Sitaki "pole dada" yenye vile vikatuni vinavyotoa machozi ya kicheko. Nasimulia mwenyewe kabla baba mdogo Kasereka hajanitangulia, maana yule akianza ataongeza chumvi, na kisa chenyewe kimeshajaa chumvi. (Na majivu. Na ndimu. Mtaona.)

Mnanijua. Mimi ni Masika, yule wa masufuria pale Mususa, hapa Butembo. Mafundi wanayatoa kwenye moto yakiwa yamefifia, hayana mvuto. Mimi nayasugua kwa mchanga na majivu hadi mteja anaona chunusi zake ndani yake. Kusugua ndiyo kazi yangu, ndiyo sifa yangu, na kuanzia leo ndiyo balaa langu.

Na mama yangu mnamjua pia, au mmenisikia nikimlilia humu kundini. Alikimbia kutoka kwake Kasugho vita vilipofika hadi kwenye shamba lake la maharage, akaja Butembo kwa miguu na watoto wa marehemu kaka yangu. Tangu likizo ianze wanalala katika darasa la tatu la shule moja ya msingi, chini ya ubao, madawati yamesukumwa ukutani. Mkurugenzi wa shule ni mtu mpole. Lakini upole wake una mwisho, na mwisho wenyewe ni Jumatatu hii, wanafunzi wanaporudi.

Mtaniuliza kwa nini asije kwangu. Nina chumba kimoja na pazia. Mume wangu alale upande huu, mama mkwe wake upande ule, mmoja akikoroma mwenzake amsikie? Kwetu hilo halifanyiki hata dunia iwake moto. Mama mwenyewe alisema heri ubao.

Donc basi, ikabaki njia moja: sarafu.

Babu alikuwa mpishi wa Mgiriki mmoja aliyekuwa akinunua kahawa. Mgiriki alipofunga mizigo kuondoka, alimwachia babu sarafu tatu za dhahabu, ndogo kama vifungo vya koti. Babu akamwachia baba. Baba alipokufa, mama akazitunza kwa niaba ya ukoo. Siku ya kukimbia aliacha mbuzi, akaacha maharage, akaacha hata sufuria kubwa nililompa mimi (sijasahau), lakini sarafu zilikuwa zimeshonwa ndani ya pindo la kitenge chake. Zilikuwa na wekundu wa giza giza. Upande mmoja kulikuwa na mfalme wa Ulaya mwenye ndevu nyingi, upande wa pili ngao na mwaka.

Baba mdogo Kasereka, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo na ni shemasi kanisani, aliitisha kikao. Nilijiandaa kwa vita vingine. Lakini akasema:

"Hizi zahabu ni za sisi bote. Lakini mama hawezi kulala ku masomo kama chaki. Tuuzishe, tununue kiwanja, tumujengee nyumba. Hapana kugawanya."

Nilimpenda siku ile. (Siku ile.)

Tulianza na mnunuzi wa dhahabu hapa mjini. Mnawajua: chumba kidogo, mizani midogo, chupa ya asidi. Amezoea ile dhahabu ya unga kutoka machimboni, inayokuja pamoja na mchanga wake. Akaisugua sarafu moja kwenye jiwe jeusi, akadondosha asidi, akatazama, akaiweka kwenye mizani.

"Hii hapana zahabu tupu, mama. Balichanganya na shaba."

"Nani alichanganya?" Nilikuwa tayari kupigana kwa ajili ya heshima ya babu.

"Benye kuitengeneza kule Ulaya. Bote banachanganyaka, juu isiishe mbio mu mikono ya batu." Kisha akaigeuza na kukunja pua. "Na tena iko na buchafu. Ya buchafu nitatosha kidogo ku bei."

Nikamnyang'anya sarafu, nikaondoka. Lakini neno lile halikuondoka. Uchafu unakatwa kwenye bei! Lilikaa kichwani likaota mizizi.

Ndipo binamu yangu Kambale, anayeuza simu Beni, akanipigia. "Yaya, dada yangu, hapana kuuzisha na mizani! Kuko muzee moja anatokeaka Kampala, ananunuaka kakao huku. Bugonjwa yake ni feza za zamani." Akaomba picha, nikapiga picha, akampelekea mzee. Mzee akatujibu kwa ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza mara nyingi hadi naweza kuusoma kanisani.

"Mama, sikiliza vizuri," alisema. "Sarafu ina bei mbili. Ya kwanza ni ya dhahabu. Unapima uzito, unaondoa ile shaba iliyochanganywa, inayobaki unaipiga kwa bei ya gramu ya siku hiyo. Hiyo hata fundi wa pete atakupa. Bei ya pili ni ya sarafu yenyewe: ni ya mwaka gani, zimebaki ngapi duniani, na sura yake imekaa vipi. Hizi mbili za kwako ni za kawaida, ziko nyingi. Lakini hii ya tatu, mwaka wake walitengeneza chache sana. Hiyo mimi silipii dhahabu. Nalipia ndevu za mfalme, unywele mmoja mmoja. Niletee kama ilivyo."

Kisha akataja bei yake. Sitaitaja hapa, nitalia tena. Kiwanja kilikuwa ndani yake, na vyumba viwili, na mlango wenye kufuli. Mama alisikia, akapiga magoti palepale chini ya ubao, akasema, "Eee Nyamuhanga!" Mungu aliitwa kwa Kinande, kwa hiyo jambo lilikuwa zito.

Sasa sikieni nilivyoelewa mimi. Mmoja kasema uchafu unapunguza bei. Mwingine kasema analipia sura. Jumlisha! Sura safi, bei kamili. (Nilijiona nina akili. Nawaapia, nilijipongeza.)

Leo alfajiri nikapita shuleni kumchukua mama. Alikuwa ameshafumua tena pindo alikozirudisha, sarafu ziko kwenye kiganja chake, na uso wake umejaa mashaka.

"Masika, hizi tutapeleka hivi?"

"Muzee alisema tubebe vile ziko, mama."

"Vile ziko!" Akanicheka. "Mutu akikwambia 'kuja vile uko', unaendaka na matope ku miguu? Ile ni heshima tu. Mie nilikomalia Masereka, mu mashamba ya mboga. Karoti tulikuwa tunaosha ku mutoni mbele ya kuipeleka ku soko. Bitunguu ya poireau pia. Kitu ya kuuzisha inaoshwaka!"

Mungu anisamehe, maneno yale yaliniingia vizuri. Nani hapa Butembo ameshawahi kununua karoti yenye udongo? Unaiacha pale pale, unakwenda kwa mwenye iliyooshwa.

Tukaanza na sabuni. Haikutoa kitu. Tukakamua ndimu. Ikatoa kidogo, na ile kidogo ikanitia hamu. Nikachota majivu pale mama na wakimbizi wenzake wanapopikia, nikachanganya na mchanga laini. Halafu mkono wangu ukaingia kwenye mkoba wenyewe, bila kutumwa, ukatoa ile sufi ya chuma ninayotembea nayo. (Wengine wanatembea na rozari.)

Nikasugua. Sarafu mbili za kawaida zikawa njano. Ile ya tatu, ile ya nyumba, nikaipa juhudi mara mbili, maana ndiyo yenye bei. Nilisugua huku naimba. Mama anamwaga maji, mimi nasugua, na wekundu ule wa giza unakwenda, unakwenda, hadi ukaisha kabisa. Ikang'aa! Mfalme alionekana kijana. Ndevu zilikuwa zimepungua sana, nikajua ni kwa sababu uchafu mwingi ulikuwa umejificha ndani yake. Mwaka nao ulikuwa umefifia, nikasema si neno, mzee ameshauona kwenye picha.

"Njo kazi ya mutoto niliyezaa," mama akasema. Nilijisikia vizuri kuliko siku ya harusi yangu.

Baba mdogo akaja na gari dogo la kukodi, amevaa koti lake la ushemasi. Mimi nina kitenge kipya, mama ana kilemba. Mnajua barabara ya Beni ilivyo siku hizi: unaondoka umeaga. Tukakubaliana kwamba neno dhahabu halitatoka mdomoni mwa mtu yeyote hadi tufike.

Kwenye kizuizi, askari akachungulia ndani. "Bamama, bozokende wapi?" akauliza kwa Lingala, tunakwenda wapi.

Baba mdogo, shemasi, mtu wa Mungu, akajibu bila kupepesa macho: "Ku matanga, chef. Tumefiwa."

Askari akatutazama tulivyovaa, akavua kofia. "Mawa," akasema. Huzuni. Akatufungulia kamba bila kutuomba hata sigara! Tulicheka hadi tukaingia Beni. Mama alicheka akajifuta macho na pindo, lile lile lililofumuliwa. Naikumbuka furaha ile na inaniuma, kwa sababu ilikuwa furaha ya kweli.

Kwa Kambale sebuleni mzee wa kakao alikuwa ameshafika. Mzee msafi, shati limenyooka, mezani ameweka kitambaa cheusi na kioo kidogo cha kukuza. Tukasalimiana. Baba mdogo akaomba ruhusa ya kusali, na alisali! Alimshukuru Mungu kwa ajili ya babu, kwa ajili ya Mgiriki, kwa ajili ya barabara, hata kwa ajili ya mfalme mwenyewe, popote alipo. Tukasema amina.

Nikafungua leso. Nikazimwaga juu ya kitambaa cheusi, nikarudi nyuma hatua moja kama mtu aliyefungua pazia.

Mzee akasogeza kitambaa karibu. Akaweka kioo jichoni. Akaigeuza ile ya tatu. Akahamishia kioo jicho la pili. Akainuka, akaenda dirishani kwenye mwanga, akarudi.

"Hizi ndizo za kwenye picha?"

"Njo zenyewe, papa!" nikasema.

"Nani amefanya hivi?"

Jamani. Nilidhani natafutwa nisifiwe. Nikanyanyua mkono. Mkono mzima, kama mwanafunzi anayejua jibu.

"Ni mimi, papa! Hapana hata doa, uko unaona? Na feza ya sabuni na ndimu, kama moyo yako inapenda, utaongeza kidogo."

Utaongeza kidogo. Nimesema hivyo. Kwa mdomo wangu huu huu ninaolia nao, mbele ya ukoo.

Mzee akakaa polepole. Akazungumza kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha.

"Mama, mfalme yuko wapi?"

"Si yuko hapo?"

"Hapa kuna yai. Ndevu ziko wapi?"

Nikainama kutazama. Alinipa kioo chake. Ndani ya kioo mashavu ya mfalme yalikuwa laini kama ya mtoto mchanga, pua imelala, na kila mahali kuna mikwaruzo midogo midogo, ile ile ninayoijua kwenye masufuria yangu, ile ambayo wateja wangu wanaiita mng'aro. Mahali pa mwaka palikuwa na kivuli tu. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilielewa yote kwa mara moja.

"Ule wekundu haukuwa uchafu," mzee akasema. "Ulikuwa umri wake. Unachukua maisha ya watu watatu kuupata. Ungeniletea na tope juu ningelipa. Ungeniletea imetoka kwenye kinyesi cha kuku ningelipa. Sasa imekuwa sawa na wenzake. Imebaki bei ya kwanza."

"Labda... tuipake kitu?" nikauliza. (Niliuliza kweli. Nilifikiria mawese.)

Mzee akachukua kioo chake. Akatoa mizani, akazipima zote tatu, akaandika, akakunja uso. "Na uzito pia umepungua kidogo."

Baba mdogo akaruka. "Unapungua namna gani? Zahabu ilienda wapi?"

"Imebaki kwenye kitu alichosugulia."

Wote wakanigeukia. "Masika! Ile sufi ya chuma, ile paille de fer, iko wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze na kitenge changu kipya. "Niliitupa... mu choo. Ku masomo."

Kambale akaficha uso kwa mikono miwili. Kwa hiyo sasa kuna choo kimoja cha shule hapa Butembo chenye dhahabu ya babu yangu, na mimi ndiye niliyekineemesha.

"Weye ukiona kitu unasugua tu!" baba mdogo akafoka. "Unasugua tu! Siku moja utasugua hata mutu! Nyumba ya mama yako umeimalizia na majivu! Haki ya Mungu, ningegawanya, kila mutu abebe yake!"

Alikuwa na haki kwa kila neno. Nikasubiri mama naye anipige, nilitamani anipige, ingenisaidia. Mama alikuwa amekaa pembeni ameshikilia pindo lililofumuliwa, analikunja na kulikunjua. Akasema polepole:

"Hapana mumugombeze. Njo mie nilimutuma."

Basi nikalia. Si kilio cha adabu, ni kile cha kamasi. Mama wa watu hana nyumba, hana shamba, hana meno ya kutafunia mahindi, na bado anajibebesha kosa langu ili nisisimame peke yangu.

Tukauza kwa uzito. Mzee alikuwa mwaminifu, alilipa gramu vizuri, hata akaongeza kidogo kwa huruma, na huruma yenyewe ilinichoma kuliko matusi ya baba mdogo. Tunaweza kununua mabati na misumari yake. Kiwanja cha kuyaweka mabati juu yake, hapana.

Tukaanza kurudi. Baba mdogo mbele ametazama kioo cha gari. Mama nyuma. Mimi nimelowa machozi. Pale kwenye kizuizi alikuwa yule yule askari. Akachungulia, akatuona sote macho mekundu, akashika kifua. Safari hii alijaribu Kiswahili.

"Poleni sana, bamama. Kweli mulipoteza mutu. Alikuwa nani?"

Baba mdogo alikuwa ameishiwa uongo. Nikajibu mimi.

"Mfalme."

Askari akapiga saluti. Naapa. Akapiga saluti na gari likaondoka.

Tulipofika shuleni mkurugenzi alikuwa uwanjani, ameketi kwenye kiti, anasubiri habari njema, maskini. Alipoona nyuso zetu akaelewa, akasimama. Akamkaribisha mama kiti chake, akasema kwa heshima zote kwamba usiku wanaweza kuendelea kulala humo, atajibebea mwenyewe lawama, lakini asubuhi mikeka itoke kabla kengele haijalia, na warudi wanafunzi wakishaondoka.

"Na muchana, mama, mutakuwa mukienda wapi na batoto?"

Mama alifikiri. Nilidhani atalia, maana sijawahi kumwona amechoka vile. Akatazama lile darasa, ubao, madawati yaliyosukumwa ukutani.

"Batoto batasoma," akasema. "Na mie nitakaa nabo ku banc ya nyuma. Mu vita ya zamani, nikiwa mutoto, hapana nilimalizaka masomo."

Mkurugenzi alicheka. Mama hakucheka. Alikuwa anauliza kama sare ni lazima.

Kwa hiyo, wapendwa, Jumatatu mama yangu, bibi wa wajukuu, anaanza darasa la tatu. Anayetaka kucheka, alete kwanza daftari na kalamu.